Eneo la kambi ya vijana 3,000 karibu na Dar: nisaidieni kuchambua maeneo haya matatu

Mratibu_Temeke

Wakuu salaam. Kamati yetu imepewa kazi ya kutafuta eneo la kambi ya pamoja ya vilabu vya vijana kutoka mikoa mitano. Tunatarajia vijana 3,000 wa miaka 10 hadi 17, wasichana na wavulana karibu sawa kwa sawa, pamoja na walezi 300. Ni siku 6, usiku 5, wote kwenye mahema. Tarehe haijafungwa: ama katikati ya Juni, ama Desemba shule zikishafungwa.

Maeneo yaliyopo ni matatu.

A. Shamba la minazi upande wa Kimbiji, Kigamboni. Ekari 25, mwenyewe anatoa bure. Bahari iko hapo hapo. Kuna kisima kimoja cha kuchimba kwa mkono, maji yana chumvi kidogo. Kutoka lami hadi shambani ni kilomita 2 za mchanga.

B. Shule ya bweni Kibaha. Viwanja viwili vya mpira na maeneo ya wazi, jumla ekari 16. Kisima kirefu kipo, maji ya bomba ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) yapo, vyoo vya kumwagia maji matundu 40. Wanataka malipo.

C. Uwanda chini ya vilima upande wa Kisarawe, unapakana na msitu wa hifadhi. Ekari 40, tambarare kabisa, majani mazuri, kijito kinapita pembeni. Kijiji kinaomba mchango mdogo tu.

Wajumbe wengi wanaitaka A kwa sababu ya bahari na bei, C ikifuata. Naomba wanaojua watuambie: tupime nini, tupime vipi, na kasoro gani zinatosha kulikataa eneo papo hapo?

---

Mlezi_Skauti

Mkuu, nianze na C, kwa sababu hayo maneno "tambarare kabisa, majani mazuri" yamenishtua kuliko chumvi ya kisima cha A.

Agosti 2023 Korea Kusini iliandaa Jamborii ya Dunia ya Skauti huko Saemangeum. Vijana na walezi kama 43,000 waliwekwa kwenye ardhi iliyotengenezwa kwa kuizuia bahari kwa ukuta. Ilikuwa kubwa, tambarare, na haina mti wa kivuli. Mvua zilizotangulia ziliacha madimbwi yasiyo na pa kwenda, mbu wakazaliana, mahema mengine yakawekwa juu ya palati za plastiki. Jua lilipokuja, vijana kwa mamia waliugua kwa joto. Misafara ya Uingereza na Marekani iliondoka mapema, na tarehe 8 Agosti kambi nzima ikahamishwa kwa mabasi zaidi ya 1,000 kwa sababu ya tufani Khanun. Nchi ile ina fedha na wahandisi. Ardhi ndiyo iliyowashinda, na ardhi huchaguliwa miaka kabla ya siku ya kwanza ya kambi.

Kwa hiyo pimeni mteremko. Hamhitaji mtaalamu wa ramani, mwiteni fundi ujenzi yeyote na mpira wake wa maji. Mpira mwangavu wa mita 15 unatosha. Jazeni maji, toeni mapovu yote (povu moja likibaki kipimo ni uongo), fungeni kila ncha kwenye mti wa mita 1.5 uliotiwa alama za sentimita, simameni umbali wa mita 10. Maji yakitulia, someni pande zote mbili. Tofauti ya sentimita 20 hadi 40 ndiyo mnayoitaka. Chini ya sentimita 10 maji hayatatembea. Zaidi ya 60, wanaolala watakuwa wanateleza usiku na mvua itachimba makorongo katikati ya mahema. Rudieni sehemu kumi tofauti, kwa urefu na kwa upana, mkiandika mahali na namba.

Baada ya hapo chimbeni shimo la upana wa sentimita 30, kina sentimita 60. Jioni lijazeni maji, liacheni linywe usiku kucha. Asubuhi tieni maji ya kina cha sentimita 15, simikeni rula, someni kila dakika 10 kwa saa nzima. Yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, huo ni mfinyanzi au mnakaribia maji ya ardhini, na mvua ya dakika 40 itawapa tope la siku mbili. Mkikuta maji kwenye shimo kabla hamjamimina chochote, fungeni daftari, mrudi mjini. Kuna kipimo cha haraka pia: lowesheni konzi ya udongo, uminyeni kati ya kidole gumba na cha shahada utoke kama utepe. Utepe ukifika sentimita 5 bila kukatika, ni mfinyanzi mzito.

Mimea nayo inasema. Matete, ndago, magimbi au vijaruba vya zamani vya mpunga maana yake maji hukaa hapo. Majani yaliyo mabichi Februari wakati ya jirani yamekauka, hali kadhalika. Tazameni mashina ya miti, mstari wa tope mkavu unaonyesha maji yalifika wapi. Waulizeni wazee wa kijiji maswali mawili: mwaka wa El Niño, 1997 kuingia 1998, maji yalifika wapi, na vuli ya 2023 yalifika wapi? Msiwaulize kama panafurika. Mwenye kiwanja anayesubiri mchango atajibu hapana, na hatakuwa ameongopa kwa mwaka huu.

Kuhusu ukubwa, viwango vya Sphere vinavyotumika kwenye kambi za wakimbizi vinataka mita za mraba 45 kwa mtu, lakini ile ni kambi ya miezi. Kwa siku 6 mimi ningeshika 12 kwa mtu kwenye eneo la mahema peke yake, ndani yake zikiwemo kamba, vichochoro na njia za kuzuia moto. Kwa watu 3,300 ni 39,600. Uwanja wa kukusanyikia 5,000. Jiko na kugawia chakula 4,000. Vyoo na mabafu 3,000. Mabasi 55 ya abiria 60, kila moja mita za mraba 80 pamoja na nafasi ya kugeuza, 4,400. Zahanati, stoo na ofisi 1,500. Uwanja mmoja wa michezo 7,000. Jumla 64,500, na ekari 16 ni mita za mraba 64,750. Yaani B inawatosha kama nguo isiyo na pindo. Mabasi yashushe na kuondoka, mtakuwa mmeokoa zaidi ya ekari nzima.

---

Dereva_Boza

Naongezea habari ya njia, maana kamati nyingi hukagua eneo kwa gari dogo wakati wa kiangazi.

Boza la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji, bado hujahesabu gari na tangi. Kwenye mchanga mkavu wa Kimbiji magurudumu ya nyuma yanazama hadi ekseli, hasa kwenye kona na pale dereva anaposimama kisha kuondoka. Basi la abiria 60 ni baya zaidi, tumbo liko chini na halina nguvu ya kujitoa. Likinasa moja kwenye njia ya gari moja, boza halipiti, gari la wagonjwa halipiti, gari la majitaka halipiti. Kilomita 2 zile mtahitaji kumwaga kifusi na kushindilia, au kukodi greda na kulowesha njia kabla ya msafara. Ikitokea hivyo, hilo neno "bure" mlifute.

Jaribio ni hili. Kodini fuso lililobeba tani 7 za mchanga au kokoto, lipite njia nzima mpaka litakaposimama boza, ligeuze, lirudi. Lifanyeni siku moja baada ya mvua. Tembeeni mbele yake kwa miguu mkikagua kila kalvati: nyufa juu, udongo ulioliwa pembeni, bomba lililochomoza. Waya za umeme na matawi ya mikorosho au miembe yawe juu ya mita 4.5. Geti liwe na upana wa mita 4 au zaidi. Na eneo lenye njia moja tu ya kuingia na kutoka, lisilo na ya pili hata ya dharura, mimi nalikataa.

Kingine ni muda. Pimeni safari Ijumaa saa 10 jioni kutoka Ubungo na kutoka Mbagala, siyo Jumapili asubuhi. Kigamboni mna feri ya Magogoni, Daraja la Nyerere lenye tozo, au kuzunguka kwa barabara ya Kongowe, na misafara ya mabasi 55 msiipeleke ferini. Kibaha mnatumia Barabara ya Morogoro, ambayo Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, na vijana wa kutoka bara hawaingii mjini kabisa.

---

Bi_AfyaMazingira

Kaka Mratibu, naomba kamati yenu isipige kura kabla ya kusoma hesabu hizi. Kambi ya watoto haivunjwi na programu mbaya. Inavunjwa na kuhara siku ya tatu.

Kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga. Watu 3,300 ni lita 49,500, tuseme 50,000, sawa na maboza matano ya lita 10,000 kila siku. Lakini hiyo ni kwa vyoo vya shimo. B ina vyoo vya kumwagia maji. Mtu mmoja akienda mara 5 kwa siku na kumwaga lita 2 kila mara, mmeongeza lita 33,000. Sasa mko kwenye 83,000 kwa siku. Na yale 33,000 yote yanaingia kwenye karo la shule, yaani shimo la majitaka, lililojengwa kwa wanafunzi mia kadhaa. Karo litajaa usiku wa pili, majitaka yatapanda kwenye chemba iliyo chini kuliko zote, ambayo mara nyingi iko jirani na jiko. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba fungueni mfuniko wa karo, pimeni urefu, upana na kina, mjue linachukua lita ngapi. Linyonywe tupu siku 2 kabla ya kambi, na gari la majitaka liwe na ratiba ya kila siku, siyo namba ya simu ya kupigwa likishafurika.

Matundu mangapi? Wasichana 1,500 kwa tundu 1 kila 25 ni matundu 60. Wavulana 1,500 kwa tundu 1 kila 50 ni 30, pamoja na sehemu za kukojolea za ukutani zenye nafasi 30. Walezi 10, yao peke yao, maana mtu mzima na mtoto hawapangwi choo kimoja. Jumla 100. B ina 40, mnahitaji 60 ya ziada. Wapo watakaosema 60 kwa ujumla yanatosha. Wapeni hesabu ya asubuhi: kati ya saa 11:30 na saa 1:00 kuna dakika 90. Kila mtu dakika 3 na nusu, tundu moja linahudumia watu 25. Matundu 60 ni watu 1,500, na wengine 1,800 wanasubiri. Hawatasubiri. Watakwenda vichakani, na mkiwa C watakwenda kando ya kijito.

Kijito chenyewe msikihesabu kuwa chanzo cha maji. Hamjui kilichoko juu yake, mifugo, mashamba yaliyopuliziwa dawa, na maji yaliyotulia Pwani hii yanaweza kuwa na kichocho. Watoto wakiona maji wataingia, kwa hiyo kijito ndani ya eneo maana yake uzio na walinzi.

Shimo la choo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, na chini yake libaki mita 1.5 ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Hapa ndipo A inapokwama. Kwenye shamba la pwani maji yako karibu na mchanga haujishiki. Shimo la mita 2 linaporomoka kuta zake usiku ule ule, na mtoto amesimama juu yake. Inawezekana kuzuia kwa mapipa ya lita 200 yaliyokatwa vichwa pande zote mbili na kutobolewa matundu, yakipangwa moja juu ya jingine. Ila fanyeni hesabu ya mapipa kwa matundu 100 kisha mlinganishe na malipo ya B. Vyoo viwe ndani ya mita 50 kutoka mahema ya mbali zaidi, vyenye taa, na vya wasichana viwe na komeo la ndani na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya pedi. Msichana anayeogopa choo usiku ataacha kunywa maji mchana, na ndiye atakayeanguka juani.

Maji ya boza msiyaamini kwa sura. Kila tangi la lita 10,000 huanza na gramu 30 za klorini ya unga ya asilimia 65, iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo, ikaachwa itulie, na maji ya juu ndiyo yamiminwe. Subirini dakika 30, pimeni kwenye koki ya mwisho. Mnatafuta klorini iliyobaki ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kila lita. Ikiwa sifuri ongezeni dozi, maana yake kuna uchafu umeila. Koki za maji ya kunywa zisipungue 14, moja kwa watu 250, na za kunawa mikono ziwe zake, karibu na vyoo na mlango wa kulia chakula. Kama mna vijana Waislamu, hesabuni maji ya udhu na mahali pa kuswalia tangu mwanzo.

Mbu mmefikiria wa malaria tu, nadhani. Dar imepata milipuko ya dengi, 2014 na 2019, na mbu wake huuma mchana, huzaa kwenye maji safi yaliyotuama kwenye vyombo vidogo. Shamba la minazi limejaa vyombo hivyo: vifuu. Kifuu kimoja kilichoelekea juu baada ya mvua ni kitalu cha viluwiluwi ndani ya wiki. Mkichagua A, vifuu vyote vikusanywe na kuondolewa wiki 3 kabla, siyo kusukumwa pembeni.

---

Mratibu_Temeke

Dada, asante sana, hesabu ya karo hakuna aliyekuwa ameiwaza. Nina maswali mawili. Kisima cha B mwenye shule anasema "hakijawahi kukauka". Tunahakikishaje? Na kile cha A, chumvi yake haiwezi kutumika hata kwa kuogea?

---

Fundi_Visima

"Hakijawahi kukauka" ni kwa matumizi ya shule, saa mbili asubuhi na saa mbili jioni. Ninyi mtakivuta mfululizo.

Chukueni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Washeni pampu, elekezeni maji nje, siyo kwenye tangi, na pimeni ndoo inajaa kwa sekunde ngapi. Rudieni kila nusu saa kwa saa 4 bila kuzima. Mkianza na sekunde 30, hiyo ni lita 40 kwa dakika, 2,400 kwa saa. Saa 16 za kuvuta ni lita 38,400, bado hamjafika nusu ya 83,000 za Bi Afya. Kinachotisha zaidi ni namba inayobadilika. Ikianza sekunde 30 na saa ya tatu ikawa 45, maji yanashuka kisimani kuliko yanavyoingia. Pampu ikianza kutema hewa au mchanga, zimeni. Kama mnaweza kushusha kamba yenye uzito, pimeni kina cha maji kabla, wakati wa kuzima, na saa 2 baadaye. Kikirudi karibu na kilipoanzia, kisima kizima.

Maji ya DAWASA yahesabuni kama nyongeza, kwa sababu mgao au bomba kupasuka hakuna anayewaahidi kinyume chake. Wekeni matangi ya jumla ya lita 100,000 yaliyojaa siku moja kabla, yaani siku moja kamili ya akiba hata vyanzo vyote vikifa. Matangi ya plastiki ya lita 10,000 yanahitaji kitanda cha tofali au mchanga ulioshindiliwa na kusawazishwa. Jiwe moja chini ya tangi lililojaa linatoboa kitako. Umeme ukikatika pampu haifanyi kazi, kwa hiyo jenereta ya pampu iwe yake, isichangie na jukwaa na spika.

Cha A: kwa kufulia na kuogea kinawezekana siku ya kwanza. Kisima cha pwani kina maji baridi yanayoelea juu ya ya chumvi. Ukivuta kidogo kidogo unapata ya juu. Ukivuta kwa pampu siku nzima, ya chini yanapanda, na chumvi kidogo ya Jumatatu inakuwa ya kutapisha Jumatano. Kuchemsha hakuondoi chumvi, klorini haiondoi chumvi. A ni eneo la maboza asilimia 100, kupitia ile njia ya mchanga aliyoieleza Dereva.

---

Mlezi_Skauti

Nikamilishe ya miti na msimu, kisha nitoe kura yangu.

Minazi: hakuna hema ndani ya mita 5 kutoka shina, hata mwenye shamba akisema nazi zimeangushwa. Makuti makavu nayo huanguka, na upepo wa kusi unayavuta vizuri sana. Ukiondoa miduara ya mita 5 kuzunguka kila mnazi kwenye shamba lililopandwa kwa mistari, zile ekari 25 hazibaki hata nusu. Mikorosho na miembe ina kivuli kizuri lakini chunguzeni majani yaliyoshonwa pamoja kama mpira: humo mna maji moto, wale sisimizi wekundu wanaouma, na kundi moja likiangukia hema la watoto wa miaka 10 mtalisikia kambi nzima. Vigingi vya kawaida kwenye mchanga havishiki. Chukueni vya sentimita 40, au fukieni gunia dogo lililojaa mchanga na kufunga kamba kiunoni mwake.

Pembezoni mwa msitu upande wa C kagueni upupu. Maganda yake yenye manyoya ya kahawia hukauka kiangazi, kuanzia Juni hivi, na hayahitaji mtu kuyagusa, upepo unayabeba. Ukataji ufanyike maganda yakiwa mabichi, wakataji wakiwa na glavu na mikono mirefu. Na msitu wa hifadhi ni wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kwa hiyo barua ya kijiji haiwapi ruhusa ya kuingiza vijana humo kutembea au kuokota kuni.

Msimu: chagueni Juni. Masika yamepita, usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 20, vijana wanalala. Desemba mnaweza kukutana na mkia wa vuli, mchana joto linapita nyuzi 30 na unyevu juu yake. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomeni mapema, na tahadhari zao za siku 5 awe nazo mtu mmoja aliyepewa mamlaka ya kusema "mahema yashushwe" bila kuitisha kikao.

Kuna swali ambalo hakuna aliyeuliza: radi ikianza saa 8 usiku, watu 3,300 wanakwenda wapi? Kusimama kwa kubanana ni nusu mita ya mraba kwa mtu, mita 1,650 chini ya paa la kweli. Darasa la mita 9 kwa 7 ni mita 63, kwa hiyo madarasa 27 au bwalo na madarasa 18 hivi. B inayo majengo. A na C hazina hata bati moja, na turubai la jukwaani siyo kimbilio la radi. Kwangu mimi hilo peke yake linafunga mjadala. Kura yangu ni B, mabasi yaondoke, vyoo 60 viongezwe. Bahari wapelekeni siku moja kwa zamu, klabu baada ya klabu, wakati wa maji kupwa kuelekea kujaa, wakiwa na waokoaji, siyo siku za bamvua ambapo mkondo una nguvu.

Vibali anzeni miezi 3 kabla: serikali ya mtaa, mtendaji wa kata, halmashauri, OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), Zimamoto, afisa afya. Afisa wa Zimamoto mleteni uwanjani mapema apange njia za moto nanyi, badala ya kuja siku ya mwisho kukuta kamba za mahema zimepishana. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Tumbi, iko hapo hapo Kibaha. Uongozi wake upate barua yenye idadi ya watoto na tarehe.

---

Mratibu_Temeke

Nimeelewa. Jumamosi tunakwenda B na mpira wa maji, ndoo, saa, na fundi wa kufungua karo. Swali la mwisho: jiko na vyoo vya ziada tuviweke upande gani wa viwanja? Shule inapendekeza karibu na geti, kusini mashariki, ili magari yasiingie ndani.

---

Bi_AfyaMazingira

Kwa Juni hapana, kaka. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki, moshi na harufu vyote vitapita juu ya mahema usiku kucha. Wekeni kaskazini magharibi, na tafuteni njia ya gari la majitaka kuzunguka nje ya uwanja. Mkihamia Desemba mpango unageuka: upepo ni wa kaskazi, unatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo vyoo viende kusini magharibi. Jiko litenganishwe na mahema ya kwanza kwa mita 30. Pikieni gesi, mitungi ya kilo 38 isimame wima, isipigwe na jua, nje ya banda la jiko, mpira wake ukaguliwe kwa povu la sabuni kila asubuhi.

Na Jumamosi mkifika, kabla ya kufungua karo, ulizeni lilinyonywa lini mara ya mwisho na muone risiti. Mkifungua simameni upande upepo unakotoka, msiinamie shimo, na mtu yeyote asiingie ndani kupima. Tumieni mti mrefu uliowekwa alama.